Moshi wa Manowari

Mwalimu alishika kikopo cha rangi nyeusi ya uso. Mbele yake, nyuma ya pazia la jukwaa la shule, walisimama watoto watatu kwa mstari, wamevalishwa mifuko myeusi ya taka iliyotobolewa matundu ya kichwa na mikono. Hao ndio walikuwa moshi. Darasa zima lilikuwa linaigiza manowari, na manowari ya zamani ilikwenda kwa makaa ya mawe, kwa hiyo lazima itoe moshi. Mtoto wa kwanza, ambaye baba yake anauza tambi karibu na kituo cha treni, alipakwa mashavu na paji la uso. Wa pili, mwenye kigugumizi, alipakwa mpaka masikioni. Wa tatu ni wangu. Mwalimu alichovya kidole, akamtazama mwanangu, kisha akakifuta kile kidole kwenye kitambaa.

"Wewe huhitaji," akasema, akacheka kidogo.

Watoto waliokuwa karibu wakacheka. Mwanangu naye akacheka. Ana miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, na alicheka huku ulimi ukionekana kwenye pengo, akimwangalia mwalimu kuona kama amecheka vya kutosha.

Kicheko cha mwalimu ningekimeza. Nina miaka mitano Guangzhou, nimemeza vikubwa kuliko hicho. Nimeshikwa nywele kwenye lifti na watu nisiowajua. Nimekaa kwenye treni, aliyekuwa pembeni yangu akahama kiti. Lakini kicheko cha mwanangu kilinishinda. Nilimfikia kwa hatua tatu, nikaushika ule mfuko shingoni, nikaupasua mpaka chini.

Sasa balaa lenyewe ni hili: Kichina changu ni cha sokoni. Najua kusema ghali, punguza, mzigo unatoka lini, hii rangi siyo niliyochagua. Sijui kusema umemdhalilisha mtoto wangu. Nilifungua mdomo kikatoka Kiswahili, tena cha Temeke, ambacho siwezi kukiandika hapa, na mwalimu akawa ananiangalia kama mtu aliyejibanza kibarazani anasubiri mvua ipite. Nilipotafuta Kichina, nilipata maneno ninayowaambia wauzaji wakinipa katoni mbovu. "Mbovu hii! Sitaki! Rudisha!" Nikapiga kelele hivyo hivyo, mara tatu, katikati ya watoto waliovaa kibaharia. Arudishe nini? Hata mimi sijui.

Mwalimu hakukasirika. Heri angekasirika. Alitoa simu yake, akatafuta kitu kwa kidole kile kile kilichobaki na weusi kwenye ukucha, akamwelekezea mwanangu. Mwanangu ndiye mkalimani wangu. Benki anatafsiri yeye, hospitali anatafsiri yeye, mwenye nyumba akija kugombana anatafsiri yeye.

"Mama," akasema, macho chini, "anasema ni wewe ndiye uliyekubali."

"Nimekubali nini?"

"Nisiseme kipande changu. Anasema uliandika jina langu. Hapa. Namba kumi na tisa."

Nikaangalia. Lilikuwepo.

Ilianzia Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla. Kazi yangu ni vichezeo na vifaa vya shule: doli duka hili, madaftari duka lile, nakusanya, tunachangia kontena na wenzangu, mzigo unakwenda kwa mume wangu Kariakoo. Siku hiyo laoban mmoja, ndivyo tunavyowaita wenye maduka, alinitupia boksi lililobonyea kona. "Mpe mtoto," akasema. "Hili siwezi kuuza." Ndani mlikuwa na manowari ya plastiki ya kuunganisha, vipande vidogo vidogo vya rangi ya kijivu, na karatasi ya maelekezo imechanika katikati.

Mimi nilidhani ni meli tu. Nilimaliza kidato cha nne, historia nikapata D, na hiyo D yenyewe ilikuwa ya vita vya Wazungu. Vya Wachina hatukusoma. Aliyejua ni bibi wa nyumba ya chini. Huku bibi anaitwa Popo, basi na sisi tunamwita Popo. Zamani alikuwa fundi wa kupaka rangi kwenye karakana ya meli hapa hapa mjini, kazi yake matumbo ya meli, sehemu ile inayokaa ndani ya maji. Alikuwa hanipendi. Katoni zangu zinaziba ngazi, na kila nikipita ananiuliza kama hili jengo ni nyumba au ghala. Lakini alipomwona mtoto amekaa ngazini anajaribu kubandika kipande kwa gundi ya karatasi, alimnyang'anya. "Hiyo gundi ya wajinga," akasema. Akaingia ndani akatoka na yake.

Kuanzia hapo kila mwanangu akitoka shule alishukia kwa Popo mpaka mimi nirudi kutoka ghala la wasafirishaji Sanyuanli. Nikimchukua, nachukua na hadithi. Meli iliitwa Dingyuan. Ilijengwa Ujerumani, yeye na pacha wake, kwa ajili ya mfalme wa China, na zilipofika hakukuwa na manowari kubwa kuliko hizo katika bahari za huku. Chuma chake mahali penye unene wote, mwanangu alinipimia kwenye mkono wangu mwenyewe: kutoka kiwiko mpaka vifundo vya vidole. "Chuma kitupu, mama! Hivi!" Nchi nyingine zikiiona zinanyamaza. Miaka ikapita. China haikununua nyingine, Japani ikawa inanunua mpya kila mara, zenye mbio na mizinga inayopiga haraka. Vita vilipokuja Dingyuan ilikuwa imezeeka.

Popo alipenda sana sehemu ya vita vyenyewe. Eti Dingyuan ndiyo iliyoanza kufyatua, na mizinga yake ilikuwa mikubwa mno, mtikisiko wake wenyewe ukaliporomosha jukwaa la juu ya meli alilosimama kamanda wao. Akaanguka, akaumia, na adui hajapiga hata risasi. Popo alicheka mpaka akakohoa. "Hawajapigwa bado! Wamejiangusha wenyewe!" Halafu akafika kwenye makombora. Mengine, alisema, hayakuwa na baruti ya kulipuka ndani, yalijazwa vitu vingine tu, yanampiga adui kama jiwe. Hapo akanigeukia mimi.

"Kama katoni zako. Juu picha nzuri, ndani mchanga."

"Katoni zangu nafungua, Popo."

"Unafungua moja. Kumi hufungui."

Mwanangu alitafsiri hilo kwa furaha kubwa. Na ni kweli, nafungua moja. Sote tunafungua moja.

Shule ilipotangaza kwamba kila darasa litasimulia jambo la historia mbele ya wageni wa wilaya, na darasa la pili likapewa manowari hiyo hiyo, mwanangu alinyoosha mkono mpaka akasimama juu ya kiti. Mwalimu akampa kipande cha mwisho, jinsi Dingyuan ilivyokufa. Lazima nieleze maana yake, maana mtu mwingine ataona ni mchezo wa watoto. Tangu aanze shule ile, mwanangu hupewa kushika kitu. Alishika bendera. Alishika kikapu cha maua. Mwaka jana alishika pazia, alilivuta, likafunguka, wenzake wakaimba. Hakuwahi kupewa neno hata moja, na Kichina chake ni kizuri, Popo mwenyewe anasema ukifumba macho hujui ni nani. Safari hii alipewa maneno. Alisimama juu ya katoni ya madaftari sebuleni, mikono ubavuni, akasema kipande chake asubuhi, akasema akitoka shule, akasema kwa baba yake kwenye simu, na baba yake, ambaye haelewi hata neno, akapiga makofi. Miezi miwili. Mimi nimekijua kwa kukisikia, kama wimbo.

Sasa namba kumi na tisa.

Kuna kundi la wazazi kwenye simu. Mwalimu anatuma tangazo, wazazi wanajibu *shoudao*, yaani nimepokea. Kama ni orodha, unanakili orodha ya aliyekutangulia, unaongeza namba yako na jina la mtoto, unairudisha. Leo leteni mikasi. Kesho sare nyeupe. Nani anakula shuleni. Mara kumi kwa siku. Mwanzoni nilikuwa natafsiri kila moja, na nikichelewa mwalimu ananitaja mbele ya wote. Baadaye nikajifunza wanavyofanya wafanyabiashara wote wa Kiswahili wenye watoto huku: ukiona watu wanajipanga, jipange. Nakili, ongeza, tuma. Tunafundishana hivyo, tunacheka. "Shoudao, shoga, maisha yaendelee."

Orodha ile ilinikuta ghalani, nimeshika mkanda wa gundi kwa meno, mpimaji anapima katoni zangu na anazidisha kama kawaida yao. Nikaona watu wamejipanga, wamefika kumi na nane. Nikanakili. Nikaongeza jina la mwanangu. Nikatuma. Nikarudi kugombana na mpimaji.

Tangazo lilikuwa linasema muda umebana kwa sababu ya wageni, na wazazi walio tayari watoto wao waingie kwenye kundi lisilo na maneno wajiorodheshe. Nimejua hilo pale nyuma ya pazia, kwa mdomo wa mwanangu, anayenitafsiria jinsi nilivyomwuza. Alikuwa ameambiwa habari ya moshi wiki nzima nyuma na hakuniambia. Alidhani najua. Alidhani nimeamua.

Waliojitolea walikuwa kumi na tisa, na mwalimu aliwahitaji watatu tu. Alichagua mtoto wa muuza tambi, mwenye kigugumizi, na wangu. Wale kumi na sita wengine walirudishiwa maneno yao.

Tulitoka, ule mfuko uliopasuka bado uko mkononi mwangu. Nyuma yetu muziki ukaanza, nikasikia watoto wakipiga miguu chini kama mizinga. Nilimshika mkono, akauchomoa. Barabarani alitembea mbele yangu, mabega juu.

"Ungeniacha hata niwe moshi," akasema bila kugeuka.

"Walikucheka."

"Si nami nilicheka! Ilikuwa imekwisha. Wewe ndiye umeanza kupiga kelele. Umesema *rudisha*. Kila mtu amesikia. Kesho watasema *rudisha* darasani mpaka nimalize shule."

Mtu mzima, nimevuka bahari, nimefungua akaunti na ghala na kila kitu kwa lugha ya ishara, na sasa namfuata nyuma mtoto wa darasa la pili.

Popo alikuwa amekaa mlangoni kwake, amevaa koti la kutokea ingawa hakuwa anatoka. Meli iko kwenye kigoda pembeni yake. Alikuwa anamalizia kupaka tumbo lake rangi nyekundu, sehemu ambayo hakuna mtu angeiona. "Amesema vizuri?" akauliza. Mwanangu akamweleza. Nilielewa neno moshi na neno mama. Popo aliiweka brashi chini, akaanza kusimulia jambo, na mwanangu, bado ananikasirikia, akanitafsiria akiangalia ukuta.

Ni kwamba katika vita vile kulikuwa na meli za hapa Guangdong pia. Zilikuwa zimekwenda kaskazini kwa gwaride, vita vikazikuta huko, zikabakizwa huko zipigane. Mambo yalipokwisha, Dingyuan imekwisha kufa na wengine wanasalimu amri, ofisa mmoja akamwandikia mshindi barua. Akamwomba airudishe meli moja ya Guangdong, kwa kuwa Guangdong haikuhusika na vita hivyo.

"Wakamjibu nini?" nikauliza.

"Anasema, wamjibu nini? Waliichukua. Watu wanaicheka hiyo barua mpaka leo."

"Sasa ananiambia mimi kwa nini?"

Mwanangu akamwuliza. Popo alijibu kwa kifupi, akachukua brashi yake.

"Anasema anajua utaandika, kwa sababu wewe ni mbishi. Anasema andika, lakini usiseme hukuhusika. Jina lako liko kwenye orodha."

Nilikaa na hilo siku mbili. Mume wangu kwenye simu alisema niache, mtoto atasahau. Mimi pale mezani namwona mtoto hasahau: anakula, anaosha bakuli lake, anapita karibu na katoni ya madaftari bila kuipanda. Niliandika barua kwa Kiswahili, kwenye daftari mojawapo la mzigo, na Jumapili alipotoka kanisani nikamwita msichana wa Mbeya anayesomea udaktari hapa kwa ufadhili, aiweke kwa Kichina. Aliisoma yote amesimama.

"Dada, hii hawaipokei."

"Kwa nini?"

"Hapa hatuandiki *mmemdhalilisha*. Tunaandika *mzazi angependa kueleza hisia zake*. Tunaanza na shukrani kwa shule."

"Shukrani ya nini?"

"Dada. Nafasi ya mtoto wanaipitia kila mwaka. Wakisema imejaa, imejaa. Utampeleka wapi?"

Hilo ndilo linaloniamsha hata sasa ninapoandika. Sina pa kumpeleka. Shule za kimataifa siziwezi, na kumrudisha Dar ni kuishi naye kwenye simu. Wanajua hivyo, na mimi najua kwamba wanajua.

"Andika nilichoandika," nikamwambia.

Akakaa. Akaandika. Alipofika kwenye kipande cha mtoto alimwita mwanangu amwambie maneno yenyewe ya Kichina, asije akayakosea. Mwanangu alikataa. Baadaye akaja, akasimama mlangoni, akayasema haraka haraka akiwa amegeuza mgongo, kama anayetema. Lakini aliyasema yote, na alipofika mwisho akaongeza sentensi ambayo mwalimu alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu asubuhi nilikabidhi getini, kwenye bahasha kubwa. Mlinzi hakutaka kuipokea, nikasimama mpaka akaipokea. Mchana jibu likaingia kwenye simu yangu kutoka ofisini. Neno moja: *shoudao*. Mpaka leo ni hilo tu. Katika makaratasi yangu nimebaki na nakala ya Kiswahili, nayo ni hii.

*Kwa Mwalimu Mkuu,*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWANANGU WA DARASA LA PILI KUNYIMWA KIPANDE CHAKE NA KUCHEKWA RANGI YAKE*

*Mimi ni mama wa mtoto pekee wa Kitanzania katika darasa hilo. Naandika kulalamika.*

*Kwanza nakiri. Jina la mwanangu kwenye orodha ya wasiosema nililiandika mimi. Sikusoma tangazo, nilinakili kama ninavyonakili yote. Kosa ni langu. Mtoto hakujitolea. Shule haikumwuliza, na mimi sikumwuliza.*

*Lakini mwalimu aliwapaka watoto wawili rangi nyeusi, akamwambia wangu hahitaji, na watoto wakacheka, na yeye akacheka nao. Hilo sikulikubali popote. Nimeisoma orodha yote sasa, mstari kwa mstari, kwa msaada wa mtu. Halimo. Mmemdhalilisha mtoto.*

*Nilipiga kelele mbele ya wanafunzi. Kwa hilo naomba radhi kwao, wale watoto.*

*Sitaki mwalimu afukuzwe. Sitaki fidia wala zawadi. Nataka mwanangu asimame mbele ya darasa lake aseme kipande chake. Wageni wasiwepo, sawa. Muziki usiwepo, sawa. Na wale wawili wengine wa moshi wapewe maneno pia, ingawa wazazi wao hawakunituma.*

*Kipande chenyewe ni hiki, msije mkasema hakukijua:*

*"Boti ndogo za adui zilipenya bandarini, zikaipiga Dingyuan kwa topido. Maji yakaingia. Ikapelekwa kwenye kina kifupi, ikakaa juu ya mchanga, na mizinga yake ikaendelea kupiga. Ilipokuwa haiwezi tena, mabaharia wakailipua wenyewe, adui asiichukue. Nahodha wake naye akafa. Mimi na Popo tumeiunganisha upya kwa gundi, na tumbo lake ni jekundu."*

*Sentensi ya mwisho mwalimu aliikata. Tumeirudisha.*

*Naomba nijibiwe kwa maandishi, zaidi ya neno moja. Nimeambatanisha mfuko.*

*Mama yake*